Gari Langu Halivuji Tena

Kosa ni langu. Msiniambie eti shetani alinipitia. Shetani hana gari. Mwenye gari nilikuwa mimi.

Majina nimeyabadilisha, maana huku kwetu upande wa Msambweni ukikohoa tu, jirani anakuuliza umekunywa nini. Niiteni Mama Zuhura. Nauza mahamri na viazi karai, na kila asubuhi nawapelekea wafanyakazi wa hoteli za Diani kwa kigari changu kikuukuu. Mume wangu ni mpishi kwenye hoteli ya kisiwani Chale, nyumbani anarudi siku za mapumziko tu. Basi gari na matatizo yake ni juu yangu.

Kigari kikaanza kuvuja oili. Jamani! Nikiegesha dukani, doa. Nikiegesha nje ya geti la hoteli, doa, na askari ananifokea. Nilikwenda kwa wifi yangu, ametoka kupiga saruji ua wake, doa! Ikawa akisikia mngurumo wangu tu, anakimbilia gunia la kutandika kabla hajaitikia hata hodi.

Nikapeleka kwa fundi. Akachungulia chini akasema, "Mama, hii ni gasiketi ya sampu." Sampu ni lile bakuli la chuma chini ya injini linaloshika oili, na gasiketi ndiyo mpira wa kuliziba. Akabadilisha, nikamshukuru, nikafika Ukunda, doa!

Fundi wa pili hata kuinama hakuinama. "Hiyo ni sili ya nyuma ya injini. Lazima tushushe giaboksi."

"Umeitazama?"

"Haya mambo tunayajua, mama. Wewe tuachie gari tu."

Nikuachie gari! Nilimwambia buibui langu halijanifunika akili, nikapiga stata nikaondoka. Hasira zilinijaa mpaka machozi yakanitoka njiani, na oili nayo inadondoka nyuma yangu.

Nikaapa nitalitengeneza mwenyewe. Nikaazima jeki kwa shemeji, nikanunua spana na gundi ya silikoni, nikavaa suruali ya mume wangu chini ya dera, nikajilaza uvunguni. Sasa, kufungua sampu ni lazima umwage oili yote kwanza. Niliikinga kwa karai, kisha nikaisafisha sampu kwa petroli. Likabaki karai limejaa uchafu mweusi.

Nyuma ya jiko langu pana tundu kwenye mwamba wa matumbawe. Maji ya vyombo nayamwaga hapo miaka yote, na hayatuami. Nikamwaga lile karai. Tundu likameza lote, hata alama haikubaki. Wallahi nilifurahi! Nikajiona msafi kuliko hao mafundi wenye gereji zinazonuka.

Kisima cha Bi Mwanakombo kiko chini kidogo ya ua wangu. Marehemu mumewe alikichimba kiwe sadaka, na mtaa mzima tunateka bure. Nilikuwa nakiona kwa macho yangu nikiwa nimeshika lile karai. Sikufikiri. Nilikuwa nafikiria gari tu!

Gari likavuja tena. Nikafungua sampu mara ya pili, nikapaka silikoni nyingi zaidi, nikamwaga karai la pili tunduni. Likavuja tena! Siku hiyo nilitupa spana ikagonga ukuta wa jirani.

Jirani huyo ni Baba Mwende, mtu wa bara aliyekuja na mkewe na kinu cha dizeli cha kusaga mahindi. Mtaa mzima tulikuwa tunasaga kwake. Alitoka na spana yangu mkononi, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Mama Zuhura, unataka kuniua?"

"Nataka kuliua hili gari!"

Akacheka. Akafunua boneti, akatazama, kisha akasema, "Wewe unaanza chini. Oili haipandi, inashuka. Anza juu. Osha injini yote kwa petroli ikauke, halafu nyunyiza poda ya mtoto kila mahali. Endesha kidogo, urudi utazame ni wapi pameloa."

Poda ya mtoto! Nilidhani ananichezea. Lakini niliosha, nikanyunyiza poda ya Zuhura mpaka injini ikawa nyeupe pepepe, nikaenda Ukunda na kurudi. Nilipofunua boneti, nikaona mchirizi mmoja mweusi. Unaanzia juu kabisa, nyuma ya kile kifuniko cha injini wanachokiita tapeti kava, unateremka ubavuni mpaka chini. Miezi yote nilikuwa nalala mgongo uvunguni, na ugonjwa uko juu usoni mwangu!

Nikanunua mpira mpya wa kifuniko kile, Baba Mwende akanishikia taa, nikafunga. Gari likakauka kau! Nilimpelekea mahamri sahani nzima kwa furaha. Na ile petroli niliyooshea injini, karai la tatu, mnajua niliipeleka wapi.

Zikaja mvua za masika. Asubuhi moja nikasikia kelele kisimani. Nikashuka na ndoo yangu, nikakuta wanawake wamekusanyika, Bi Mwanakombo ameshika kata ananusa. Juu ya maji kulikuwa na utando unaong'aa rangi rangi.

Nilinusa mara moja tu, nikajua. Harufu ile ilikuwa mikononi mwangu miezi, hata mume wangu alikuwa ananiambia ninanuka gereji. Ilikuwa oili chafu na petroli. Ilikuwa yangu.

Jioni, baada ya alasiri, tukaitana pale kisimani, wanaume kwa wanawake. Mzee mmoja akauliza, "Ni nani mwenye mafuta hapa?" Na watu wote, mmoja mmoja, wakageuka kunitazama mimi. Nani asiyejua madoa yangu?

Nikaona biashara imekwisha. Nani atakula mahamri ya mwanamke aliyetia sumu kisima cha sadaka? Hapo ndipo nilipofanya lile ninaloliungama leo.

Nikasema kwa sauti kubwa, "Gari langu halivuji tena! Nendeni mkafunue boneti mtazame!"

Wakaenda, wallahi. Wakafunua, wakapapasa, wakachungulia chini. Kukavu. Wakarudi wakasema kweli, la Mama Zuhura ni kavu. Baba Mwende alikuwa amesimama palepale, yeye aliyenionyesha namna ya kulikausha.

Nami sikuridhika! Nikaongeza, "Mwenye pipa la dizeli mtaa huu ni mmoja tu."

Watu wakaanza kunong'ona. Mara mtu wa kuja, mara hawa hawajali maji ya wenzao. Baba Mwende hakubishana. Alinitazama mimi tu, akauliza polepole, "Mama Zuhura, hakuna kitu kingine unajua?"

Nilidhani ananiomba nimtetee. Nikasema, "Mimi sijui kitu."

"Sawa," akasema, akaenda zake.

Hakuna aliyemfukuza, lakini watu waliacha kusaga kwake. Watoto wakaanza kuziba pua wakipita kinuni. Mwenye nyumba akakumbuka ghafla kwamba chumba anakitaka mwanawe. Siku anafungasha, nilikaa jikoni nikijitia kukanda unga. Mkewe alikuja mlangoni kunirudishia ungo wangu. "Asante kwa yote, Mama Zuhura," akasema. Ungo alikuwa ameuosha.

Wakahamia Shimba Hills kwa ndugu zao. Kisima kikaendelea kunuka! Pipa la dizeli limeondoka, kinu kimeondoka, na kila mvua ikinyesha ule utando unarudi. Watu wakasema dizeli ya yule bwana ni mbaya, inakaa. Mimi naitikia, "Naam, inakaa." Loo! Ulimi huu!

Usingizi ukaniruka. Mwishowe nikawasha gari nikaenda Shimba Hills kumtafuta. Nilikuta kinu kimefunikwa turubai, kuku wanalala juu yake. Huko wana kinu chao, hawana haja na cha mgeni. Yeye alikuwa anatoka kulima shamba la mtu.

Nikaanza kulia kabla ya salamu. "Baba Mwende, nisamehe, yale mafuta yalikuwa..."

"Najua," akanikatiza. "Ile siku ya poda niliona wewe na karai. Mara hiyo moja, na sikuwaza kisima. Maji yalipoharibika ndiyo nikaelewa."

"Ulijua! Mbona hukusema pale mbele ya watu?"

"Nilikuuliza. Nilitaka useme mwenyewe. Mimi mtu wa kuja, ningekutaja wewe, nani angeniamini?"

Nikamwambia tena anisamehe. Akasema, "Usiniambie mimi, mama. Mimi tayari najua. Waambie wale."

Nimewaambia. Nilisimama palepale kisimani, mbele ya walewale, nikasema karai la kwanza, la pili na la tatu. Kuna walionitukana, na nilistahili. Bi Mwanakombo hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, na siku ile mbona ulikuwa na sauti kubwa vile?"

Mahamri sasa nakanda kidogo, wanunuzi wa mtaani wamenikimbia. Maji tunanunua kwa mkokoteni, na Bi Mwanakombo naye ananunua, maji yake mwenyewe yako hatua chache kutoka mlangoni. Tulimtumia ujumbe Baba Mwende arudi. Akajibu kwa adabu kwamba anashukuru, mtoto keshazoea shule ya huko.

Nyinyi wenye magari ya zamani, nawasihi. Likivuja, anzeni juu, osheni injini, nyunyizeni poda, mtaona. Oili chafu itieni kwenye dumu mpeleke gereji, kuna wanaoipokea. Msiimwage chini hata kama ardhi inaimeza, hasa huku kwetu penye mwamba wa matumbawe, vitundu vyake vinafika mpaka visimani! Na mkishaimwaga, basi semeni siku hiyohiyo, kabla watu hawajamtafuta mwingine.

Kila asubuhi kabla ya kuondoka nashuka kisimani. Nateka ndoo moja, nanusa, bado inanuka, kisha naibeba mpaka mbali kwenda kuimwaga. Halafu napanda gari langu. Chini yake ni pakavu, hapana hata tone.