Nahodha Mrefu Aliyeomba Kukaa Benchi

Leo nimeomba nitolewe kwenye fainali, na mimi ndiye nahodha.

Fainali yetu ya mpira wa kikapu ni mechi tatu, na wapinzani wetu, Wajir, wana warefu watatu. Mechi ya kwanza kocha alinipanga na Abdi, mrefu mwenzangu, tupambane nao chini ya kikapu. Tulifungwa.

Leo hapa Garissa akatupanga vilevile. Kufikia mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja.

Nikamwambia, "Kocha, nitoe mimi na Abdi. Ingiza wafupi, wawakimbize."

"Wallahi, una uhakika?"

Sikuwa nao, lakini nikaitikia.

Kocha akatutoa. Abdi alikaa kando yangu, akajifunika taulo usoni.

Wafupi wetu walikimbia mpaka warefu wa Wajir wakaanza kushika magoti. Tukashinda kwa pointi mbili. Watu walishangilia, nami nilishangilia, huku roho inaniuma.

Kesho ndiyo mechi ya tatu, ya kuamua bingwa. Kocha ameniuliza kama nitaanza. Nikasema aanze na walewale.

Tangu hapo sikai, silali. Nazunguka uani tu.

Sasa hivi Abdi ameniandikia: "Walaal, ndugu yangu, ungeniuliza mimi kwanza."

Nimeandika jibu mara nne, nikafuta. Nyinyi mngemwambia nini?