Kichwa Kinachotulia Ukilala

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kudharau wagonjwa. Naitwa Mwita, nachimba dhahabu Nyakunguru, kwenye mashimo madogo tunayoyaita maduara. Mwenzangu akisema mgongo unamuuma, nilimwambia akauze nyanya. Nilijiona chuma. Chuma chenyewe kilikuwa na ngiri.

Ilianza kama uvimbe mdogo kinenani. Nikikohoa unatoka, nikilala unarudi. Niliuficha mwaka mzima kwa ujinga wangu, mpaka siku moja ukakataa kurudi, nikatapika mbele ya watu, wakanikimbiza hospitali Tarime mjini. Daktari akasema ni upasuaji siku hiyo hiyo. Walinikalisha, nikainamisha mgongo, wakanichoma sindano ya ganzi uti wa mgongo. Daktari alichoma mara tatu ndipo akapapata.

"Tulia, usitikisike," alisema.

Nilikuwa natetemeka kama kifaranga. Miguu ikafa ganzi, wakanipasua, ngiri ikaisha. Kazi yao waliifanya na sina neno nao. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi aliniambia, "Kichwa kikianza kuuma sana ukikaa au ukisimama, rudi hapa. Usianze kununua dawa ovyo." Nikamwitikia huku natafuta viatu vyangu.

Kesho yake nikiwa nyumbani kichwa kikaanza. Hayakuwa maumivu ninayoyajua. Nikiinuka tu, ni kama mtu ameshika ubongo anauvuta chini kupitia shingoni. Shingo inakaza, masikio yanavuma, chai niliyokunywa inatoka yote. Nikijilaza chali, baada ya dakika chache kinatulia. Nikiinuka, kinaanza upya.

Mke wangu, Ghati, aliuliza, "Nesi alikwambiaje?"

"Nesi ni mtoto wa juzi," nikamjibu. "Hii ni malaria."

Basi nikaenda duka la dawa, nimeshika ukuta njia nzima. Muuzaji alinitazama akiwa ameegemea meza, akasema kweli ni malaria. Hakupima chochote. Hakuuliza kama nimetoka hospitali. Alinifungia vidonge vya malaria na vya maumivu, nikameza vyote, kichwa kikabaki vilevile. Nilimdhania ni daktari kwa sababu alikuwa na koti jeupe. Koti jeupe hata muuza nyama analo.

Baada yake nikamwita mganga wa gulioni. Huyu alikuja na kijiwembe na majivu ya kitu asichokitaja. Alinishika kisogo, akafumba macho, akasema, "Hospitali wamekunyonya uboho." Akanichanja chale kwenye paji la uso na kunipaka ule unga mweusi. Sasa nikawa na kichwa kinachouma na vidonda vinavyotoa usaha juu yake. Na nilimshukuru. Nawaambia ukweli, nilimshika mkono nikamshukuru.

Wenzangu wa duara walikuja kunijulia hali. Walinikuta nimelala, nazungumza vizuri, nacheka. Mmoja akasema, "Mgonjwa gani anapona akilala? Mwita anaogopa kamba ya kushukia shimoni." Wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ningekuwa wao ningesema hivyo hivyo.

Siku ya tisa nikaanza kuona vitu viwili viwili. Ghati wawili, milango miwili. Nilikwenda kushika kikombe, nikashika hewa, chai ikamwagika mapajani. Hapo ndipo Ghati alipoacha kuniomba ruhusa. Alimpigia simu Bhoke, mke wa mdogo wangu Marwa, anayekaa Nyamisangura.

Bhoke alifika mchana, akasimama mlangoni.

"Shemeji, ukilala kinatulia?"

"Kinatulia."

"Ukikaa kinarudi?"

"Kinarudi."

"Na ulichomwa sindano ya mgongo."

"Nilichomwa."

"Mimi niliwaambia maneno haya haya," alisema.

Ni kweli, alituambia. Miaka mitatu nyuma alijifungua kwa upasuaji, akachomwa sindano kama yangu, akarudi kwa mama yetu na kichwa hiki hiki. Mimi, mbele ya ukoo wote, nilisema Marwa ameoa godoro. Mama alicheka, na tangu siku ile akamwita Bhoke mvivu. Huyo niliyemtukana ndiye aliyetafuta gari la kukodi, akanilaza kiti cha nyuma, akanirudisha hospitali.

Daktari aliuliza maswali yaleyale ya Bhoke. Kisha akaeleza: "Sindano iliacha tundu dogo kwenye utando wa uti wa mgongo. Maji yanayozunguka ubongo yanavujia hapo, ndiyo maana ukisimama unasikia unavutwa. Wengi hupona ndani ya siku chache kwa kupumzika, kunywa maji ya kutosha na dawa za maumivu. Lakini wewe unaona viwili viwili. Ulikuwa unangoja nini?"

Aliziangalia chale zangu, akachukua kalamu.

Wakanipa rufaa kwenda hospitali kubwa. Huko walinipiga picha ya kichwa, kisha wakachukua damu mkononi mwangu, wakaidunga mgongoni karibu na lile tundu ili igande na kuliziba. Nikalala chali saa kadhaa. Muuguzi akasema, "Haya baba, kaa taratibu." Nikakaa, nikingoja kuvutwa. Sikuvutwa. Nililia pale, mtu mzima na ndevu zangu. Macho yalichukua wiki kadhaa kurudi sawa.

Kwa hiyo wewe uliyechomwa sindano ya mgongo, kichwa kikiuma ukiinuka na kutulia ukilala, rudi ulikochomwa na uwaambie ulichomwa lini. Ukiwa na homa, shingo ikikakamaa, ukiona viwili viwili, mkono au mguu ukilegea, ukipata degedege au kuchanganyikiwa, au kichwa kikiuma hata ukilala, nenda saa hiyo hiyo. Duka la dawa lipite. Mwenye wembe mpite mbali zaidi. Na anayekucheka, mwache acheke, hana cha kukusaidia.

Nawashukuru wahudumu wote, na Ghati. Bhoke nilimfuata nyumbani kwake kumshukuru na kumwomba radhi. Alikuwa anaanua nguo.

"Mimi nimekusikia," alisema. "Kamwambie mama yako."

Nilikwenda naye. Nilimsalimia mama shikamoo, nikakaa chini, nikamweleza yote, tundu, maji, damu, na kwamba Bhoke hakuwa anadanganya. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia Bhoke.

"Ulilala siku ngapi kwangu?"

"Kumi na nne, mama."

"Nani alikuwa anakuchotea maji?"

"Hakuna," Bhoke alisema. "Nilikuwa nainuka mwenyewe."