Zamu ya Kufua Jezi

Wiki ile walipotaka kumtoa winga wetu wa kushoto ili tuletewe beki, jezi zilikuwa kwangu. Nalisema hili mapema, kwa sababu bila hilo hutaelewa ni vipi mtu aliyeishia darasa la sita, anayeburuta mguu usiokunjika, aliachiwa neno la mwisho.

Timu yetu hapa Kaloleni haina tajiri. Ina washabiki. Sisi ndio tunaonunua mipira, sisi ndio tunaomwaga chokaa uwanjani, na jezi tunazifua sisi wenyewe kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Kanuni ni moja na nimeikuta. Mchezaji akitaka kuuzwa au kubadilishwa, kila mtu ana ruhusa ya kupiga kelele, lakini aliye na jezi wiki hiyo ndiye anayefunga mjadala. Akisema abaki, anabaki. Akisema aende, anaenda. Ukileta ubishi zaidi unaambiwa, "Chukua karai kwanza."

Baze yetu, pale tunapokutana, ni benchi la nje ya kinyozi. Jumamosi ile tulikuwa tumetoka kufungwa mawili bila, na kinyozi alikuwa na mteja kitini, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, upande wa pili bado msitu.

"Winga gani haendi na laini?" kinyozi akasema, mashine ikinguruma hewani. "Mechi nne! Krosi moja ya maana hamna. Akipata mpira anaurudisha nyuma kama ameshika kaa la moto."

"Buda, maliza kichwa kwanza," mteja akasema.

"Kichwa chako hakiendi popote. Huyu jamaa amelewa sifa. Wasichana wakimwimbia jina anadhani ameshamaliza mpira wa dunia."

Mama wa chai, ambaye meza yake iko hapo hapo kando na ndiye anayeandika orodha ya zamu za kufua, akaweka birika chini. "Na yale mabao ya msimu uliopita? Umeyameza na mandazi yangu?"

"Msimu uliopita ulipita, mama."

"Basi na wewe rudisha ile mandazi ya jana. Nayo ilipita."

Watu wakacheka. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa kimya akakohoa. Huyu alikuwa katibu wa timu zamani, siku zangu. Sasa ana sukari, anatembea na mkongojo, lakini akikohoa watu bado wananyamaza. Akasema timu ya ng'ambo ya Jogoo Road wanamtaka winga wetu, na wako tayari kutoa beki wao wa kati. "Kijana mrefu. Kichwa chake ni nyundo. Sisi mabeki wetu wanaruka kama kuku wa kizungu. Jumatano jioni wanakuja hapa kusikia jibu."

Macho yote yakanigeukia mimi. Gunia la jezi lilikuwa katikati ya miguu yangu.

"Sasa mkubwa," kinyozi akaniambia, "utafua na utaamua. Lakini ukituletea huruma, kichwa chako utaenda kukinyolesha Majengo, si hapa kwangu."

Nikasema nitafua. Ukweli ni kwamba nilikuwa upande wa kinyozi. Hata mimi nilishachoka na yule kijana. Nilimtukana siku hiyo mpaka sauti ikakauka.

Jumapili asubuhi nikakaa kwenye mfereji wa maji wa mtaa na karai mbili. Mtu akizoea kufua jezi anajua nani alicheza na nani alitembea. Kipa wetu mabega yana matope. Kiungo, kila kitu kimechafuka, hata kola. Bukta ya winga ilikuwa imechafuka paja la kushoto tu. Paja la kulia lilikuwa safi kama la refa. Nikasema, ona, mvivu, anaanguka upande mmoja kama gunia. Kisha nikageuza soksi zake nje ndani.

Ile ya kulia ilikuwa na mstari mweusi, ndani, chini kidogo ya pale goti linapoanza. Mstari umezunguka mguu mzima. Nikausugua kwa sabuni ya kipande, haukutoka. Nikainusa soksi. Dawa ya kuchua, na chini yake harufu ya mpira, ile ya duka la baiskeli.

Nilikaa pale maji yakipoa. Jirani yangu aliyekuwa anangoja mfereji akaniuliza kama nimepata pesa ndani ya soksi.

Mstari ule ni wa tyubu ya baiskeli. Unakata kipande cha tyubu, unakifunga chini ya goti kikaze, unavuta soksi juu, hakuna anayeona. Goti likilegea, tyubu inalishika. Unaweza kukimbia mbele. Kukata kulia huwezi, kusimama ghafla huwezi, na ukianguka unajitupa upande wa pili. Najua kwa sababu mimi nilicheza miezi mitatu hivyo. Hata mimi waliniita mvivu.

Mimi pia nilikuwa winga hapa. Watu wazima wanakumbuka. Na mimi pia nilibadilishwa, nikapelekwa timu nyingine ya mbali kidogo kwa seti ya jezi mpya na mipira miwili. Majina ya watu siandiki, lakini walichofanya nakiandika, na wenyewe wanajijua. Kocha wetu wa wakati huo alijua goti limekufa, kwa maana mimi mwenyewe nilimwonyesha. Yule aliyejiita daktari wa timu, na kazi yake ilikuwa kuuza dawa za panya, alinichanja gotini kwa wembe ili uvimbe ushuke kabla wageni hawajaja kuniangalia. Na katibu, huyu huyu mwenye mkongojo, alishika tochi wembe ukipita. Uvimbe ulishuka. Nikauzwa.

Mechi ya pili kule, goti likasema basi. Zile chale zikaoza. Timu mpya walipoona usaha walifunga mlango wa chumba changu polepole, kama unavyofunga mlango wa maiti, na hawakurudi. Siku ya tano nilikuwa naongea na watu ambao hawapo.

Hapo ndipo ninapokosa maneno, na shule ndogo niliyosoma haihusiki. Habari ilifika Kaloleni. Washabiki, wale wale waliopiga kelele niende, walikuja na mkokoteni. Walinilaza juu ya magunia, wakanisukuma mpaka hospitali wakipokezana, na njia nzima walikuwa wanabishana kama ningekatwa mguu nani angecheza kushoto. Niliwasikia. Nilitaka kuwatukana, ulimi ukakataa. Daktari alipotaka damu, walipanga foleni kwenye ukuta. Mama wa chai alitoa. Kinyozi, wakati huo ndio kwanza anajifunza kushika mashine, alitoa, akazimia, akaamka, akauliza kama yake imehesabiwa. Mguu ulibaki. Haukunjiki, lakini ni wangu. Ninaposema nina uchungu na watu wa mtaa huu, nina uchungu kweli, na uchungu wenyewe unazungushwa na damu yao.

Jumatatu nikaenda soko la Gikomba, ambako winga anauza viatu vya mitumba. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, mguu wa kulia ameunyoosha mbele.

"Niaje, mzee wangu. Jezi zimekauka?"

"Simama," nikamwambia. "Chuchumaa."

Akacheka. Alipoona sicheki, akatazama huku na huku. "Nani amekuambia?"

"Soksi yako."

Kisha akanivuta karibu, sauti chini. "Baba, nakuomba. Ng'ambo wameniahidi kazi ya stoo. Kazi ya mshahara, si hii ya kupiga kelele mvuani. Sema niende tu. Nikishaingia kwenye stoo nitatafuta namna ya goti."

"Utaingia stoo kama unafunga mabao. Ukianguka, je?"

"Sitaanguka."

"Hata mimi sikuanguka. Nililala tu, nikanuka."

"Wewe ulikuwa enzi zile," akasema, na akageuka kumhudumia mteja aliyekuwa amevaa kiatu kimoja. "Usiniharibie, baba."

Nilirudi nyumbani na neno lile. Usiniharibie. Nikisema ukweli, kijana anakosa kazi na sisi tunakosa beki. Nikinyamaza, kila mtu anafurahi mpaka mechi ya pili. Nilipiga pasi jezi zote, hata zile zisizohitaji. Mke wangu akaniuliza kama kuna harusi.

Jumatano jioni wageni wakaja wawili, wamevaa vizuri. Kinyozi alikuwa amefagia mbele ya duka. Mama wa chai akamimina. Winga alisimama nyuma ya wote, ameegemea ukuta ili mguu upumzike, na alikuwa ananitazama.

"Haya," kinyozi akasema. "Jezi zimekuja safi. Mwenye zamu afunge."

Nikatoa ile soksi. Nikaigeuza nje ndani, nikaiweka mezani karibu na vikombe.

"Kijana ana goti," nikasema. "Amelifunga kwa tyubu. Haendi popote, na hapa pia hachezi mpaka aonekane na daktari. Daktari aliyesomea. Nimefunga."

Mmoja wa wageni akaichukua soksi, akaiangalia, akairudisha mezani kwa vidole viwili. Wakamaliza chai kwa heshima, wakaaga. Walipovuka barabara kinyozi akapasuka.

"Umetumaliza! Mbele ya wageni! Si ungeniita kando?"

"Ningekuita kando ungesema nini?"

"Ningesema..." Akaokota ufagio. "Ningesema tuone mechi moja kwanza."

"Na goti langu mlilisemea hivyo hivyo."

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, bwana! Nilikuwa najua nini?"

Ndipo mzee katibu akakohoa. "Goti lake mimi nilijua," akasema, akiutazama mkongojo wake. "Nilishika tochi." Nilingoja aombe msamaha. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandaa kumkatalia. Akasema tu, "Lakini zile jezi zilikuwa nzuri. Zilikaa misimu sita."

Mama wa chai akamwondolea kikombe mbele yake kikiwa bado na chai nusu. Hakumuuliza kama amemaliza. Nadhani hiyo ndiyo hukumu pekee ambayo yule mzee atawahi kupata duniani, na siku hiyo ilinitosha.

Winga alikuwa ameshaondoka. Hakuniamkia wiki nyingi. Tukikutana alivuka upande wa pili, akichechemea wazi sasa, hana cha kuficha, na ilinichoma. Lakini mama wa chai alifungua daftari lake la zamu, akapiga mstari chini ya orodha ya kufua, akaanza orodha nyingine: nani anampeleka kliniki wiki hii, nani anakaa Gikomba kuuza viatu akiwa huko. Kinyozi alijiandikisha wa kwanza, bado amenuna. Aliuza jozi moja siku nzima, na ilikuwa ya miguu miwili ya kushoto; mteja akarudi nayo.

Picha ya goti ilionyesha mshipa umechanika nusu. Daktari akasema kama angeendelea kuufunga na kukimbia nao, ungekatika wote. Kilichobaki kingepona kwa mapumziko na mazoezi. Mazoezi aliyafanya kwenye ngazi za ukumbi wetu wa mtaa, kupanda na kushuka. Baada ya muda nilianza kupita pale saa hizo, nikakaa ngazi ya chini. Siku ya kwanza alinizunguka akapanda. Siku ya pili akasema, "Mzee, unaniziba njia." Nikasogea. Basi tukaanza kuongea hivyo.

Alirudi uwanjani msimu uliofuata. Alikuwa mzito. Krosi ya kwanza ilipaa juu ya goli ikatua kwenye paa la watu, na washabiki wakalipuka.

"Toa hiyo gari bovu!"

"Alikuwa afadhali na tyubu!"

Nilisimama pale na mguu wangu mkavu nikisikiliza kijana akitukanwa mabao, kasi na akili, hakuna anayemhurumia, na moyo wangu ulikuwa umejaa. Alianguka mbele yangu mara moja, upande wa kulia, akainuka akajipangusa vumbi pande zote mbili.

Mwezi uliopita wale wa ng'ambo walirudi. Wamemwona, wanamtaka tena, na kazi ya stoo bado ipo. Beki hawatoi safari hii, wanatoa kipa wa akiba. Jezi zilikuwa kwa kinyozi.

"Kipa wa akiba ni matusi," kinyozi akasema. "Huyu sasa ndio ameanza kukata kulia. Mimi nasema abaki." Akanigeukia. "Si ndio, mkubwa? Wewe ndiye ulimwokoa."

Winga alikuwa amesimama katikati ya watu, hakuegemea kitu.

"Goti ni zima?" nikamuuliza.

Akachuchumaa mpaka chini, akakaa hapo, akainuka bila kushika kitu.

"Basi mwacheni aende," nikamwambia kinyozi. "Atatufunga mechi ya kwanza tukikutana, na utamtukana vizuri. Funga."

Kinyozi akatazama gunia la jezi. Akamtazama mama wa chai, ambaye alikuwa anamimina kikombe cha kijana, amejaza mpaka ukingoni.

"Aende," akasema. "Lakini jezi yake, namba kumi na moja, anaifua mwenyewe kabla hajaondoka."