Kaseti Moja ya Yaya Pascal

Juma lililopita, sokoni Nyakasanza, hapa Bunia, fundi mmoja wa redio alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja ili kujaribu redio-kaseti kuukuu. Mlio wake mzito, ka-tak, ulinisimamisha katikati ya watu na mfuko wangu wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, mkononi. Ndio mlio wa kuanza kurekodi. Kwetu, ndugu zangu, ulikuwa mlio wa barua.

Mama hakujua kusoma, na kaka yangu Pascal, niliyemwita Yaya kama kwetu tunavyomwita mkubwa wetu, aliacha shule kabla herufi hazijamzoea. Kwa hiyo alipokwenda jeshini walitumiana sauti. Kaseti ilikuwa moja tu, iliyowahi kuwa na nyimbo za kwaya, ikipanda milimani kambini kwake na kushuka na Mama Furaha, aliyekuwa akinunua maharagwe Kpandroma na kuyauza Bunia.

Mjini vita vilikuwa vimenyamaza, ila hatukuuamini ukimya wenyewe. Pikipiki ikipiga mlipuko, watu walilala chini, kisha wakainuka wakicheka na kujipangusa vumbi. Kabla ya hapo, wenye bunduki waliokuwa wakiutawala mji walipita nyumba kwa nyumba wakitaka kila baba atoe kijana. Papa, fundi wa kujenga, mtu wa maneno machache na kofia moja, alimtoa Pascal, ambaye hata ndevu hakuwa ameanza kunyoa. Tangu siku hiyo majirani walimwita Papa ya Soda. Soda ndivyo tunavyomwita mwanajeshi. Papa alilipenda jina hilo, nami nililipenda pia, maana shuleni hakuna tena aliyenisukuma kwenye foleni ya maji.

Kaseti ilipofika mara ya kwanza, imefungwa kwenye plastiki inayonuka moshi na maharagwe, Papa aliwaalika majirani waje Jumapili baada ya misa. Betri zilianikwa juani zipate nguvu. Mama alipika chai. Viti vilijaa, na wenzangu wa darasani wakapanda ukutani kama kuku.

Pascal alianza vizuri. Alisalimia wote kwa mpangilio, kuanzia wazee. Kisha ukasikika upepo, upepo mtupu, na baada yake sauti ambayo sikuitambua.

“Papa, kuya unichukue. Ongea na komanda, weye ni muzee, atakusikia. Huku iko baridi. Miye siwezi tena. Mama, miye napenda kurudia nyumbani.”

Halafu akalia. Hakulia kama mwanamume anayejikaza. Alilia kwa kwikwi, kama mtoto aliyeangusha chakula chake. Ukutani mmoja wa wenzangu akacheka. Papa akabonyeza kitufe cha kuzima.

“Betri imekufa,” alisema.

Taa nyekundu ya redio ilikuwa bado inawaka, na kila mtu aliiona. Majirani walishukuru kwa chai, wakaondoka mmoja mmoja wakitazama chini. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Sikuhofia yanayompata kaka yangu hata kidogo. Nilimwonea haya.

Jioni hiyo Mama alimwambia Papa, “Kesho lori ya Mama Furaha inapanda. Panda nayo, umulete mutoto.”

“Niende kusema nini? Kama nilizaa musichana?”

Mimi, msichana wake, nilikuwa nimekaa palepale nikichambua mchele, na niliona ana haki.

Badala ya kupanda lori, tukarekodi jibu. Papa alisema, “Pascal, siye tuko muzuri. Batu yote, majirani yote, ilikusikia. Usitupatishe haya tena.” Mama aliinama mbele ya redio, akauliza kama sweta aliyomtumia ilimfikia, akanisogezea redio. Kisha ikawa zamu yangu. Hakuna aliyenifundisha la kusema.

“Yaya, usilie tena. Ku masomo bananicheka.”

Na kwa kuwa kaseti ilikuwa moja, sauti zetu zilikaa juu ya kilio chake zikakifuta.

Mara ya pili ilikuja baada ya mavuno. Safari hii Pascal alicheka tangu mwanzo. Alisimulia jinsi mbuzi alivyokula kofia ya komanda, na komanda akaamuru mbuzi afungwe jela. Papa aliwaita tena majirani, akairudisha kaseti nyuma wasikie mara ya pili. Watu walishika mbavu. Mama peke yake hakucheka.

“Anapumua kwa shida,” alisema. Hakuna aliyemsikiliza.

Wapiganaji walipoanza kusalimisha bunduki zao, Pascal alirudi juu ya lori, amekonda. Mama alimchemshia maji ya kuoga, akamsugua mgongo kama zamani, akakuta chini ya bega kovu baya, lililojifunga lenyewe bila daktari. Ilikuwa risasi. Alikuwa amelala nayo kwenye mkeka siku aliporekodi kisa cha mbuzi. Rafiki yake ndiye aliyemshikia redio.

“Sababu gani hukutuambia?” Mama aliuliza.

“Nilishawaambia, Mama,” alijibu polepole. “Mulikataa.”

Papa alikuwa amesimama mlangoni. Alivua kofia, akaivaa, akatoka nje, akatugeuzia mgongo.

Utotoni nilidhani haya ni ile aibu inayokupata watu wanapokucheka. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba tulimwomba Pascal atudanganye, naye, kwa kutupenda, akatii. Mbuzi yule hakuwahi kuwepo. Kaka yangu alimtunga kwa ajili yangu, nisichekwe shuleni.

Siku hizi ana watoto wake. Mmoja akilia mbele ya wageni, humnyanyua haraka na kumpeleka nyuma ya nyumba. Hamgombezi, anambembeleza tu mbali na masikio ya watu. Pasaka iliyopita nilimfuata.

“Yaya, mulete. Muache alie pale siye tuko.”

Alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya.

“Mbele ya batu?” aliniuliza.