Kilio Kwenye Nyumba ya Makumbusho

Kuna aibu ya kuanguka sokoni ukainuka ukajipangusa, na kuna hii yangu, ambayo hata leo ikinijia nikiwa kwenye basi naenda kazini nafunika uso.

Agnes, niliyefanya naye kazi ya uuguzi hapa Minneapolis, alifiwa na mumewe katika kamji fulani kando ya mto, mwendo wa saa moja na nusu. Mtoto hawakujaliwa, na Wakenya kule walikuwa wao wawili tu. Akanipigia: "Dada, mazishi ni saa nane. Njooni nyumbani mapema, nisiende makaburini peke yangu." Nikajaza gari akina mama wanne wa kanisa, na Mama Kevin aliponiuliza kama nina namba ya nyumba nikamjibu, "Wewe tulia, kwa Agnes napajua." (Nilifika mara moja, tena wakati wa theluji.) Nilichokumbuka ni matofali mekundu na nguzo nyeupe.

Jamani, kale kamji hakabomoi kitu! Mtaa mzima ni matofali mekundu na nguzo nyeupe, nyumba za enzi za mababu zao, zimetunzwa utadhani zimejengwa jana. Moja ilikuwa na mlango wazi, magari nje, na ndani watu wamesimama kimya wakitazama picha kubwa ya mzee. (Mzungu, ndiyo, lakini macho yangu yalikuwa yamejaa machozi.) Na kwetu matanga hayapigiwi hodi, kilio unaanza nacho mlangoni. Tukaingia tukiomboleza, nikamkumbatia mama wa kwanza niliyemwona, Mama Kevin naye akajitupa kwenye kochi lililozungushiwa kamba, likavunjika mguu.

Kumbe yule mama ndiye mtembeza wageni, nyumba ni makumbusho, na kochi ni la tajiri wa mbao aliyeijenga. Polisi akaitwa. Mama Kevin anaomba msamaha kwa Kiswahili, afisa anaandika majina polepole, na saa nane hiyo inapita. Nampigia Agnes, simu imezimwa.

Tulimkuta makaburini, udongo umesharudishwa, wafanyakazi wawili wanakunja turubai. Hakutugombeza. Alisema tu, "Nimemwimbia peke yangu. Ubeti wa pili ukanipotea, na hakukuwa na wa kunipokea."

Ya kochi tulishaicheka hadi kanisani. Ya makaburini hakuna anayeitaja. Nimeapa, nisipojua nitasema sijui, maana kwa kiburi changu kidogo tu mtu alimzika mumewe bila hata wa kumshika mkono.