Nakala ya Mrefu

Pale ofisini tulimwita Bi Nakala, na hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kutunza msimbo wa programu ya hospitali, yaani yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, na maandishi yenyewe yalikuwa mengi kupita kiasi. Kuyashusha yote mara moja kulikula nusu siku. Kwa hiyo hakuwa na nakala moja kwenye mashine yake kama watu wengine. Alikuwa nazo nne, kila moja na folda yake: ya kazi mpya, ya toleo la zamani ambalo hospitali nyingine zimeling'ang'ania, na ya kulinganishia tu, ambayo hakuigusa kabisa. Nilimuuliza siku moja kwa nini asibaki na moja tukapumua. Akasema, "Mwenzangu, wewe unapikia wageni, watoto na mgonjwa kwenye sufuria moja?"

Ya nne ilikuwa ya Mrefu.

Kitengoni walikuwa wawili tu, yeye na Mrefu. Kompyuta ya Mrefu iliharibika, na kununuliwa nyingine ikawa hadithi ya kesho na keshokutwa. Kuhusu bosi wetu naomba nisiseme mengi, nisije nikatukana. Basi Mrefu akawa anakaa kwenye mashine ya Bi Nakala, akajiwekea nakala yake humo, kwa jina lake na nywila yake. Halafu akapata kazi kwingine, akaenda. Nakala ikabaki. Ukifanya kazi ndani ya folda ile, mtambo unaamini wewe ni Mrefu.

Sasa, kanuni ya pale ni kwamba kazi ya mmoja haipokelewi mpaka mwingine aisome na kuikubali. Mwingine yupi? Bi Nakala aliomba mtu, akaambiwa avumilie. Akaomba tena, akaambiwa subira yavuta heri. Heri gani! Hospitali zinapiga simu, na wa kupokea ni mimi wa huduma kwa wateja, na wa kutukanwa ni mimi huyohuyo. Na kujikubalia kazi yako mwenyewe, pale, ni kufukuzwa.

Akajikubalia. Aliandika kwenye nakala yake, akahamia kwenye folda ya Mrefu, akaisoma ile kazi upya kama mgeni, kisha akaandika maoni kwa jina la Mrefu. Mimi meza yangu iko jirani na yake. Nilikuwa namwona akitabasamu peke yake mbele ya kioo cha kompyuta, nikadhani kapata mchumba.

Mambo yakaenda hivyo karibu mwaka, mpaka programu ilipoanza kuwapa wagonjwa wawili kitanda kimoja. Hapo kilinuka. Bi Nakala aliliandama kosa lile bila kula vizuri wala kuzungumza na mtu, akalipata, akalirekebisha, akatuma. Ila alikuwa hoi, na folda zile zinafanana kama mapacha. Alikuwa ameandikia ndani ya folda ya Mrefu. Kazi ikatoka kwa jina la Mrefu.

Bosi alifurahi kupita maelezo. Kikaoni akampigia Mrefu simu, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie. Bi Nakala aliinuka nusu, akakaa tena.

"Bwana Mrefu, kumbe bado unatusaidia kimyakimya. Muungwana wewe."

"Nasaidia nini, bosi? Mimi hata nywila ya huko nimeshaisahau."

Bosi akadhani anajishusha. Akaanza kumsomea maoni yake mwenyewe, kwa sauti, mbele yetu. "Dada, hapa umeweza kwelikweli, hongera." "Hii nimeipenda, ila umechoka, nenda nyumbani." "Pole sana na msiba, kazi itakungoja."

Msiba? Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba alifiwa.

Mrefu akasema taratibu, "Bosi, huyo si mimi. Nilikaa na dada yule miaka yote nikimwambia sawa au si sawa, basi. Maneno hayo sikuwahi kumwambia."

Wote wakamgeukia Bi Nakala. Nikauliza mimi. "Ulifiwa na nani?"

"Mama," akasema.

Moyo uliniuma, na hasira zikanishika, sijui hata nimkasirikie nani. Bosi hakumfukuza. Amfukuze, kazi afanye nani? Alisafisha koo, akaahidi kuleta mtu wa pili, safari hii kwa dhati, akasema. Kisha akaagiza nakala ya Mrefu ifutwe.

"Naomba niifute kesho," Bi Nakala akasema.

"Kwa nini kesho?"

"Kuna kazi yangu moja hajaisoma."

Bosi akasema leo.