Nilivyokuwa Mama Bosi

Nafasi niliyoiomba ilikuwa ya nesi mwema. Nilikuwa nimeshaandaa hata namna ya kuinamisha kichwa kwa huruma. Fundi cherehani aliyekuwa akiongoza kikundi chetu cha maigizo pale Akheri alinisikiliza nikisema maneno mawili matatu, akatazama chini, kisha akasema kwa adabu zote, "Mwalimu, hebu jaribu ya yule bosi anayempiga dada wa kazi." Nikajaribu. Nilipomaliza, wenzangu wote sita walikuwa wamekaa wima kama darasa la tatu. Nafasi ikawa yangu. Nesi wa kweli tuliyekuwa naye, dada mmoja mpole wa zahanati, akapewa kuwa dada wa kazi.

Nyumbani nilifanya mazoezi jikoni kwa wiki mbili. Mume wangu alikuja mlangoni, akasikiliza, akaniuliza mazoezi hayo nimeyaanza lini hasa, maana yeye sauti hiyo anaifahamu tangu tulipooana. Niliendelea na mazoezi. Wasanii hatueleweki majumbani mwetu.

Igizo lilikuwa fupi. Dada wa kazi anavunja sahani, bosi anamtukana, anamchapa kwa mwiko, anamnyima chakula. Hapo fundi anasimamisha kila kitu na kuwauliza watazamaji wangefanya nini, na anayetaka anaingia uwanjani kubishana na bosi. Walikuwa wanaingia kweli. Kule Nkoaranga bibi mmoja alinitukana kwa Kimeru kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, na mimi nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia katika miaka yote ya kufundisha hisabati. Sokoni Tengeru mama mmoja alikataa kuniuzia ndizi, akasema hauzii watu wanaotesa watoto wa wenzao. Habari hiyo niliisimulia shuleni, nikaisimulia kwenye kwaya, na Mungu anisamehe, niliisimulia hata msibani.

Sasa, shuleni kwetu mimi ndiye mwalimu wa ushauri nasaha. Nimehudhuria semina, nina hata daftari lake. Kwa hiyo kikundi kilikubaliana kwamba igizo likiisha, mwenye jambo linalomsumbua nyumbani aje kwangu, nami nitakuwa nimekaa pembeni kwenye kigoda, kando ya shamba la kahawa. Tulikuwa watu saba wenye akili timamu. Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu kwamba mtu aliyekuwa akichapa na kutukana saa kumi, saa kumi na robo awe amekaa pale, na kanga ileile kiunoni, akingojea walioteswa waje kumweleza siri zao.

Hawakuja. Nikaandika kwenye daftari kwamba jamii yetu ina usiri mkubwa na inahitaji elimu zaidi. Wakati nikiandika, wanawake walikuwa wakimfuata nesi mpaka bombani, wakimshika mkono, wakinong'ona naye. Niliwahurumia. Nilisema moyoni, watu hawa bado hawajui kutofautisha maigizo na maisha.

Pale Akheri tulicheza Jumapili tatu mfululizo, baada ya ibada, kwenye uwanja wa mpira. Jumapili ya kwanza nilimwona binti mmoja wa miaka kumi na sita hivi, mtoto mgongoni, amesimama nyuma ya watu. Igizo lilipoisha alianza kuja upande wa kigoda changu. Akafika katikati, akasimama, akageuka. Jumapili ya pili akafanya vilevile, ila mara hii alinikaribia zaidi, nikaona anavyouma mdomo. Nikawaambia wenzangu nina mshabiki, lakini anaona haya kuja kunipongeza.

Jumapili ya tatu alinifikia kabisa. Alisimama mbele yangu, mikono nyuma akimshikilia mtoto, akiuma mdomo. Nikaona nimrahisishie. Watoto wa mtaani walikuwa wakipenda sana niwatishe kwa sauti ya bosi, wakimbie wakicheka, nikadhani na huyu atapenda. Nikakunja uso, nikaunguruma, "We! Sahani zangu ziko wapi?"

Binti akapiga magoti. "Samahani mama, nilikuwa nambembeleza mtoto. Naziosha sasa hivi." Na mkono mmoja ukapanda kufunika sikio.

Waliokuwa karibu walicheka, wakidhani igizo linaendelea. Nami nilicheka. Hilo naliandika kwa sababu ningependa kusema kwamba nilielewa palepale, kwamba mafunzo ya semina yalinijia, lakini ukweli ni kwamba nilicheka, na nilikuwa bado nacheka nesi alipofika, akapiga magoti kando yake na kumwinua. Binti hakuwa anatazama uso wangu. Alikuwa anatazama mkono wangu uko wapi.

Nesi alinong'ona naye kidogo, kisha akanijia. "Mwalimu, anasema atazungumza. Ila anaomba wewe usiwe karibu." Akanikabidhi mtoto. "Mbebe. Nenda naye kule mwisho wa shamba la kahawa."

Nikaenda. Huo ndio ushauri nasaha nilioutoa siku hiyo: kubeba mtoto wa watu na kukaa mbali. Mtoto alinitazama, akalia, nami nikatembea naye huku na huku nikimwimbia pambio kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo kumbe ninayo. Niliona aibu.

Kutoka kule sikusikia neno. Niliwaona tu wamekaa kwenye nyasi, binti kanigeuzia bega. Kisha nikaona anamwonyesha nesi namna anavyopigwa. Mimi uwanjani nilikuwa nainua mwiko juu ya kichwa, nauzungusha, nangoja kidogo ili watu wapige kelele, ndipo naushusha. Yeye aliuweka mkono karibu na ubavu, kiwiko kikabaki palepale, na mkono ukaenda mara mbili, haraka, kama mtu anayefukuza nzi mezani. Akaurudisha mapajani.

Jioni ile nesi alimrudisha mtoto, ambaye alikuwa wa bosi wake, akamlaza binti kwake; kesho yake akampeleka kwa afisa ustawi wa jamii, na kwenye nyumba aliyokuwa akifanya kazi hakurudi tena. Sasa yuko kwa shangazi yake Nduruma. Nyumba yenyewe, nilikuja kuambiwa, ni ile ya geti la kijani, njiani kwangu kwenda shuleni. Mwenye nyumba ni mama mtulivu, sauti yake ndogo, na tumekuwa tukisalimiana miaka mingi.

Nafasi ya bosi niliiacha. Hakuna aliyenilazimisha, ingawa hakuna aliyenibembeleza nibaki pia. Ilichukuliwa na mama mmoja wa kwaya mwenye sauti nyororo, na fundi akaniomba nimfundishe kupiga. Nikamfundisha nilichokiona: mkono karibu na ubavu, kiwiko kisitoke, mara mbili, haraka, bila kelele.

Jumapili ya kwanza ya bosi mpya nilikuwa nyuma kabisa, nimeshika kamba ya turubai, hiyo ndiyo kazi niliyobakiziwa. Watazamaji walianza kunung'unika kwamba wanasikia sahani inavunjika lakini kipigo hawakioni. Fundi akanijia mbio, jasho linamtoka.

"Mwalimu, umemfundisha nini yule? Watu wa nyuma hawaoni kitu."

"Najua," nikamwambia. "Hata mimi sikuona, na lile geti nalipita kila asubuhi."